Kumbe ile filamu ya "Muuaji wa Mvua" Mzee wa Maiki alitupiga mwisho! Juzi nimeimaliza

MCHUMA MABIBO (mleta uzi)

Wakuu, uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, asije akaniandikia "fupisha", maana sifupishi.

Mwaka 2009 nilikuwa kidato cha pili Mtwara mjini, nyumbani Magomeni. Mtaani kwetu kulikuwa na kibanda umiza ambacho wa rika langu hamwezi kukisahau: mabati ya kuokoteza, turubai la bluu upande wa magharibi kuzuia jua, mabenchi ya mbao za mnazi ambayo ukikaa na bukta unaondoka na vibanzi. Filamu mia mbili, mpira mia tano. Mbele runinga ya chogo, juu yake deki, na pembeni kakaa Mzee wa Maiki na maiki yake iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Huyo ndiye mtafsiri. Kichina anatafsiri, Kihindi anatafsiri, Kikorea anatafsiri, na hakuna aliyewahi kujiuliza mtu wa Nanguruwe lugha zote hizo alijifunzia wapi.

Siku hiyo ubaoni kaandika kwa chaki: LEO KIKOREA, MUUAJI WA MVUA, WATOTO MARUFUKU. Watoto tukajaa mpaka mlangoni.

Juzi jamaa yangu kaniwekea filamu kwenye flashi, nimefungua nakuta ni ileile. Jina lake halisi Memories of Murder, ya mwaka 2003, kaongoza Bong Joon-ho, yule Mkorea aliyekuja kuzoa tuzo za Oscar mwaka 2020. Usiku ule mvua inapiga bati hadi huwezi kusikia jirani akiita, mke wangu yuko zamu, umeme umeondoka tangu saa tatu, laptopu ina chaji. Nikasema ngoja nijikumbushe utoto. Nimejuta.

KUANZIA HAPA NAMWAGA KILA KITU. Ambaye hajaiona na anaitaka, aishie hapa.

Inaanza Oktoba 1986, kijijini Korea Kusini. Mashamba ya mpunga yameiva, jua zuri, watoto wanakimbizana. Mpelelezi anainama kuchungulia kwenye mtaro chini ya kifuniko cha zege, humo mna maiti ya mwanamke. Juu ya kifuniko kakaa mtoto anamwigiza kila anachosema. Mwili wa pili unapatikana, alama ya mguu iliyobaki ni moja tu, na trekta linakuja kupita juu yake. Kibandani tulicheka hadi benchi likakatika mguu.

Huyo mpelelezi anajisifu kwamba ana macho: akikutazama tu anajua kama wewe ni mhalifu. Mkuu wake anamwonyesha vijana wawili wamekaa kituoni wanaandika maelezo, anamwambia mmoja wao kabaka, mwingine ni kaka wa aliyebakwa, haya tuambie yupi ni yupi. Anawatazama. Sisi nasi tunawatazama. Filamu haijibu na haitajibu mpaka mwisho. Lakini Mzee wa Maiki akajibu: "Huyo wa kulia!" Kibanda kizima tukaitika.

Sasa nawapeleka kwenye kile kitu chenyewe. Mwishoni kuna mshukiwa, kijana mtanashati, mikono laini kama ya karani. Kila usiku wa mvua ambao mwanamke anauawa, redioni kunapigwa wimbo uleule, na aliyeuomba ni yeye. Kila kitu kinamwangukia. Vinasaba vinapelekwa Marekani kwa sababu Korea ya wakati ule haikuwa na maabara ya kuvipima. Wanakutana naye kwenye mdomo wa handaki la treni, mvua inamwagika, bahasha imefika.

Mwaka 2009 Mzee wa Maiki alisoma bahasha kwa sauti ya kiserikali kabisa: "Maabara ya Marekani inathibitisha, ni yeye!" Akazima deki. Tukapiga makofi. Nimeishi miaka yote hii nikijua jamaa alikamatwa, haki ikatendeka, tukaenda zetu kununua mihogo.

Juzi nimeisoma mwenyewe, maandishi ya Kiingereza yako chini pale. Haviendani. SIO yeye. Au hawajui. Kijana anaingia handakini na pingu zake, giza linammeza, filamu inaendelea na mimi nimeganda na kikombe cha chai mkononi.

Nakuja na sehemu ya pili, chaji inaisha.


MMWERA WA MITWERO

Nyie watu wa Mtwara mna mambo. Sisi Lindi watafsiri wetu walikuwa wakitudanganya mwanzo, katikati na mwisho, hatujawahi kufungua uzi.

Nimekaa paleee, shusha mkuu.


BINTI MIKINDANI

Hii filamu nimeiona mara mbili na mara ya pili nilikuwa na kaka yangu, alitoka nje katikati.

Kaka Mchuma, kuna mtu umemruka. Aliyegundua habari ya wimbo wa redioni ni yule askari wa kike waliyekuwa wakimtuma kahawa. Wanaume wamekaa wanarusha mateke, wanakwenda mpaka kwa mganga, yeye yuko kimya anasikiliza redio. Tena ni huyohuyo waliyemvalisha nguo nyekundu wakamtembeza usiku mvuani awe chambo.

Mimi kilichonimaliza si damu. Ni plasta. Yule mpelelezi aliyetoka Seoul alimbandika msichana wa shule plasta mgongoni, kitu cha nusu dakika, mtu unasahau. Baadaye wanafunua mwili porini, wa mwanafunzi, na plasta iko palepale. Mimi natoka dukani saa mbili usiku kila siku, napita njia ya mikorosho kabla sijafika nyumbani. Wiki nzima nilikuwa nikimpigia shemeji yenu aje na tochi.


KIPARA WA BIMA

Mleta uzi, unajua kwamba ni kisa cha kweli? Hwaseong, kusini ya Seoul, kuanzia 1986 hadi 1991, wanawake kumi. Walichunguza watu zaidi ya elfu ishirini. Patupu. Wakati filamu inatoka mwaka 2003 muuaji alikuwa hajulikani. Ndiyo maana pale mwisho kabisa mpelelezi anageuka na kutazama kamera moja kwa moja. Mwongozaji wa filamu aliamini muuaji yu hai na ataingia sinema kujitazama, akataka watazamane.


BABA ZUHURA

Si walishamkamata? Nilisikia kanyongwa.


KIPARA WA BIMA

Hapana, mzee wangu. Walimtambua Septemba 2019 kwa vinasaba, Lee Choon-jae. Walipomtafuta wakamkuta tayari yumo gerezani tangu 1994, kwa kumuua shemeji yake, mdogo wa mkewe. Alikiri mauaji 14. Ila hawakuweza kumshtaki, sheria yao ya wakati ule ilikuwa inaweka ukomo wa miaka 15 na ulipita 2006. Anaendelea na kifungo kilekile cha zamani.

Mwaka 2020 alisimama mahakamani kama shahidi, wakamuuliza kuhusu filamu. Akasema aliiona gerezani, akaitazama kama filamu tu. Hakuhisi kitu.


BINTI MIKINDANI

Yaani walitazamana kweli na hakupepesa. Mungu wangu.


MCHUMA MABIBO

Asante Kipara. Tena kuna kipande umekiacha, au umekihifadhi makusudi, na ndicho kilichonitoa usingizi. Kati ya yale mauaji kumi, moja lilikuwa tayari limepata "mwenyewe". Mwaka 1989 walimkamata kijana mmoja fundi, mguu mmoja umelemaa kwa polio. Wakamkesheza bila usingizi, wakampiga, akakiri. Kifungo cha maisha. Akakaa karibu miaka ishirini, akatoka mwaka 2009, na mahakama ikamsafisha Desemba 2020, baada ya yule Lee kusema hata hilo nililifanya mimi.

Pigeni hesabu wenyewe. Siku filamu inaanza kuonyeshwa, muuaji yuko gerezani kwa kosa jingine na asiye muuaji yuko gerezani kwa kosa la muuaji. Na mwaka anaotoka yule fundi, sisi tupo Magomeni tumekalia benchi bovu tunapiga makofi kwamba maabara imethibitisha.

SEHEMU YA PILI.

Kuna kijana kwenye filamu anaitwa Kwang-ho. Akili yake haijakaa sawa, uso una kovu la moto, baba yake ana mgahawa wa nyama. Alikuwa akimfuatafuata marehemu mmoja, basi wakamchukua. Wapelelezi wanamshusha chumba cha chini. Mmoja ana staili yake, anamrukia mtu kwa mateke. Mwingine ni yule wa macho. Wanachukua kiatu cha Kwang-ho wanakwenda kukikandamiza kwenye udongo ili alama ipatikane.

Halafu, hapa nisikilizeni, wanamletea raba mpya. Kiatu kimeandikwa "Nice" mahali pa "Nike". Kijana anafurahi. Wanaagiza tambi, wanakula wote watatu kwenye meza moja, runinga imewashwa kuna tamthilia ya wapelelezi, na wote, waliompiga na aliyepigwa, wanaimba pamoja wimbo wa tamthilia huku midomo imejaa. Mwaka 2009 niliona ni kichekesho. Juzi niliisimamisha pale nikaenda kusimama barazani.

Sababu ni hii, na mke wangu ndiye pekee niliyewahi kumwambia.

Msimu wa korosho wa 2014 nilikuwa shambani kwa baba mdogo, upande wa Tandahimba. Nilikuwa nimemaliza shule, najiona msomi. Kulikuwa na kibarua wa kuokota, mgeni, kijana wa umri wangu, ana kigugumizi. Akishikwa na hofu anacheka. Ndivyo alivyoumbwa, hofu kwake inatoka kama kicheko. Asubuhi moja magunia matatu hayapo kwa jirani. Kufika saa nne watu wameshajaa uani, na kijana kawekwa katikati anacheka.

Mimi sikumpiga. Huwa najiambia hivyo. Nilichofanya ni kusema, tena kwa sauti ili wakubwa wasikie: "Mtazameni macho yake." Basi. Maneno matatu. Usiku nikawa mshika tochi.

Alikiri saa tano usiku. Walipomuuliza wapi kayapeleka, akataja njia, akataja gari, akataja na mtu aliyempokea. Vyote kavitunga ili aachiwe alale. Wakampa ugali na kisamvu akala nao, baba mdogo akamtania kuhusu kigugumizi chake, naye akacheka, sote tukacheka. Alfajiri hayupo. Kaacha ndala moja na ujira wa siku tisa hajalipwa.

Wiki ya pili ikajulikana. Mpwa wa mwenye magunia ndiye aliyeyauza kwa kangomba, wale wanunuzi wa korosho wa magendo. Mpwa akakaripiwa na babu, yakaisha.

Sasa niambieni mtu unaitazamaje ile meza ya tambi.


MMWERA WA MITWERO

Nilikuja kucheka. Sawa.


BABA ZUHURA

Mkuu nakuelewa lakini tusizidishe. Mimi nimeibiwa pampu ya maji mara mbili. Ukisema watu wakae na mwizi kwa upole wanywe naye chai, mwizi atakuibia na birika. Filamu ni filamu. Yule wa Seoul alikuwa akiamini makaratasi, akawazuia wenzake wasipige, na mwishowe nani kavuta bastola pale handakini? Si yeye yeye?


MCHUMA MABIBO

Baba Zuhura, hapo umenisaidia kuliko ulivyokusudia. Ni yeye kweli. Aliyekuja na mafaili, akisema karatasi hazidanganyi, karatasi inamfikia mkononi, anaisoma, halafu anaitupa na kufyatua risasi. Anayemshika mkono ni yule wa macho. Wamebadilishana nafasi na hakuna aliyeona walivyobadilishana. Plasta ile ya Binti Mikindani ndiyo iliyomgeuza. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na uchungu, na uchungu ulikuwa unataka mtu wa kumwangukia.

Pampu zako pole. Mwizi wako alipatikana?


BABA ZUHURA

Ya kwanza hapana. Ya pili alikamatwa kijana wa mtaa wa pili.

Alikana mpaka mwisho. Pampu haikupatikana.


BINTI MIKINDANI

Hmm.


MJUKUU WA CHOGO

Wakuu, mimi ni mgeni humu, nimejiunga kwa ajili ya uzi huu tu, dada yangu kanitumia. Huyo Mzee wa Maiki ni babu yangu, baba wa mama. Yupo, anakaa Shangani kwa mjomba, asubuhi anashinda ferry na wavuvi. Macho yamepungua lakini maneno bado.

Nimemsomea sehemu ya kwanza. Kacheka sana hapo kwenye mtu wa Nanguruwe. Anasema Kikorea hakijui hata leo, alikuwa akitazama mdomo na mikono. Ila hilo la mwisho anakataa kuitwa mwongo. Anasema ile diski ilikuwa na mkwaruzo. Alikuwa nayo wiki mbili, kila ikifika handakini inakwama, picha inavunjika vipande, haisogei. Watu sabini wameshalipa mia mbili mbili, kibanda ni cha kukodi, mabenchi si yake. Angewaambiaje haina mwisho? Akamalizia kwa mdomo.

Kwa hiyo hata yeye hajui filamu iliishaje. Kaniuliza mimi. Nikamwambia kuna kaka mtandaoni anajua.


MMWERA WA MITWERO

MWEEE! Uzi bora wa mwaka. Sina la kuongeza.


KIPARA WA BIMA

Mchuma, unajua unachotakiwa kufanya.


MCHUMA MABIBO

Mjukuu, angalia ujumbe wako wa faragha.


MCHUMA MABIBO

Wakuu mrejesho. Samahani nimekaa kimya siku nne.

Jumamosi nilichukua bodaboda na laptopu kwenye begi, nikapitia mihogo ya kukaanga na pilipili kwa heshima ya enzi zile. Nimemkuta Mzee barazani kavaa kofia ya kiua. Nikamwamkia, nikajitambulisha mtoto wa nani wa Magomeni, akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa ukiingilia chini ya turubai." Nikakubali. Mia mbili zake nilikuwa nimebeba, nikampa, kazikunja kaweka chini ya kofia.

Nilitaka nimpeleke moja kwa moja handakini. Akakataa, filamu haianzwi mkiani. Tukaanza na mtaro na yule mtoto. Dakika ya kumi tu mkono ukaanza kumpanda wenyewe hadi mdomoni, akaanza kutafsiri. Yaleyale! Sauti ileile! Majirani wawili wakasogea, wakaja na watoto, nikawatoa watoto, wakarudi kupitia uani.

Mahali pa wale vijana wawili kituoni nikamtega. Nikamuuliza, Mzee, yupi kati yao? Akatazama sana, pua karibu iguse kioo. "Wa kushoto," akasema. Nikamwambia mwaka ule ulisema wa kulia. Akanijibu mwaka ule nilikuwa nimekaa upande wa kulia.

Kwenye tambi alinyamaza. Mtafsiri mzima alinyamaza, ikabaki sauti ya Kikorea na ya bahari.

Handakini aliishika meza kwa mkono, kwa mazoea nadhani, akingoja ikwame. Haikukwama. Nikamsomea bahasha: haviendani. Akasema, "Rudia." Nikarudisha nyuma, nikamsomea tena. Akauliza, "Na yule mtoto wa nyama je?" Nikamkumbusha, Kwang-ho aligongwa na treni akiwakimbia. Akatikisa kichwa taratibu, akaniambia kwenye kile kipande yeye alitutafsiria kwamba katoroka kaenda mjini kwa shangazi yake. Kweli bwana! Nilikuwa nimesahau kabisa. Treni ilipita, Mzee akasema kapanda.

Ikafika 2003 ya filamu. Mpelelezi si mpelelezi tena, ana suti, anauza mashine za juisi. Anasimamisha gari pale pale kwenye mpunga, anachungulia mtaro uleule. Kasichana kadogo kanapita kanamwambia ajabu, juzijuzi kuna mwingine kaja kuchungulia hapo, kasema alikuja kukumbuka kitu alichofanya zamani. Akoje huyo mtu? Wa kawaida tu. Sura ya kawaida.

Hapo jamaa anageuza uso na kututazama. Nilimwambia Mzee kabla, sasa hivi atakutazama, anamtafuta muuaji. Jua lilikuwa limeshaanza kuzama upande wa bandarini, kioo kinang'aa, ule uso umejaa laptopu nzima na macho yake mekundu.

Mzee aliinuka nusu, akakisogeza kigoda chake pembeni kidogo, akakaa tena.